Jinsi ya Kumpata Mhusika Mkuu wa Igizo Kubwa la Muziki la Familia

Kila msimu wa maigizo unapokaribia, maswali huwa yale yale. Nimchague mwenye sauti au anayejua kuigiza? Mtoto wa miaka 10 ataweza kubeba onyesho la saa 2? Nikipata wawili wanaolingana nifanyeje? Mzazi akining'ang'ania je? Mwongozo huu ni wako wewe unayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza: mwalimu uliyekabidhiwa igizo la shule, kiongozi wa kikundi, au mtayarishaji uliyezoea maigizo ya watu wachache na sasa una waigizaji 50, bendi na ukumbi mkubwa.

Nazungumzia igizo la muziki ambalo bibi na mjukuu wanaweza kulitazama wakiwa wamekaa kiti na kiti, na ambalo mara nyingi mhusika mkuu wake ni mtoto. Kama wako ni mtu mzima, hatua ni hizi hizi, ila sehemu za wazazi na vibali utaziruka.

Shika jambo moja tangu sasa, kwa sababu hatua zote zinalitumikia: unamtafuta mtu anayeelekezeka na mwenye stamina. Atakuwa mikononi mwako kwa miezi ya mazoezi, kisha atapanda jukwaani usiku baada ya usiku. Sauti inayowaliza watu siku ya usaili ni zawadi kubwa, lakini peke yake haitakufikisha mbali.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza usaili

- Skripti kamili na nyimbo zote, pamoja na kibali cha maandishi cha kuliigiza. Usimwite mtoto wa mtu kwenye usaili wa igizo ambalo bado huna haki ya kulionyesha. Soma pia masharti ya kibali: wenye haki wengi hawaruhusu kubadilisha maneno, jinsia ya mhusika wala ufunguo wa wimbo (yaani kuuimba juu zaidi au chini zaidi) bila idhini yao.
- Jopo la watu wasiozidi watano: mwongozaji, mwalimu wa muziki, mwalimu wa dansi, na mtu wa kuandika kumbukumbu. Kubalianeni mapema nani ana kauli ya mwisho.
- Mpiga kinanda anayeweza kushusha na kupandisha ufunguo papo kwa papo. Huyu asitoe alama. Kazi yake ni kumsaidia anayeimba.
- Chumba cha usaili na chumba cha kusubiri ambavyo havisikilizani. Watoto wanaomsikia mwenzao kupitia ukuta huanza kumwiga, na utajikuta umemsikiliza mtu yule yule mara 30.
- Fomu: jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, namba ya simu ya mlezi, hali ya kiafya unayopaswa kuijua, siku ambazo hatapatikana, na swali hili lijibiwe kwa maandishi: je, ukikosa nafasi ya mhusika mkuu, utakubali nafasi nyingine?
- Sheria ya nchi yako kuhusu watoto wanaoigiza. Mahali pengi ipo na ina meno. Uingereza, kwa mfano, mtoto mara nyingi huhitaji leseni kutoka halmashauri ya eneo lake, na mwangalizi mmoja aliyeidhinishwa hawezi kupewa watoto zaidi ya 12.

Hatua kwa hatua

1. Soma skripti kwa kalamu, ukimfuata mhusika mkuu peke yake

Chora jedwali. Kwa kila tukio andika kama yupo jukwaani, anasema kiasi gani, anaimba nini, anacheza nini, anabadilisha maleba (mavazi ya jukwaani) wapi, na ana muda gani wa kupumua kabla ya kurudi. Utaona mambo ambayo usomaji wa kawaida huyaficha. Pengine mhusika hatoki jukwaani kabisa kwa nusu nzima ya kwanza. Pengine anamaliza dansi ya dakika 4 na papo hapo anabaki peke yake kuimba wimbo wa polepole unaotaka pumzi ndefu. Pazungushie duara mahali kama hapo. Huo ndio mlima wa mhusika huyu, na usaili wako wote utajengwa kuelekea hapo.

Kisha kaa na mwalimu wa muziki, muandike noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila wimbo. Msiishie hapo, kwa sababu wanaoanza wengi huishia hapo. Angalieni wimbo unakaa wapi kwa muda mrefu. Mtoto anaweza kuigusa noti ya juu mara moja akaondoka salama, lakini wimbo unaong'ang'ania noti mbili chini ya hiyo kwa ubeti mzima ukamkausha koo kabla hajafika kiitikio cha mwisho.

2. Amua unataka mmoja, wawili au zaidi

Amua hili kabla ya tangazo, maana linabadilisha kila kitu kuanzia bajeti ya maleba hadi ratiba. Majumba makubwa ya kibiashara hufanya maonyesho 8 kwa wiki, na hawamwachii mtoto mmoja ayabebe yote. Igizo la muziki la Billy Elliot lilipofunguliwa London mwaka 2005, wavulana 3 walipokezana nafasi ya Billy: James Lomas, George Maguire na Liam Mower. Mwaka 2006 wote 3 walipewa kwa pamoja tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya Uingereza, ya mwigizaji bora wa kiume katika igizo la muziki. Matilda nayo ilifika London mwaka 2011 ikiwa na wasichana 4 waliopokezana, na mwaka 2012 wakatwaa Olivier kwa pamoja. Kwa hiyo kugawana nafasi si dalili kwamba umekosa mtu wa kutosha. Ndivyo kazi hii inavyofanywa na wanaoijua.

Kwa kikundi kidogo mimi hupendekeza hivi: kama una maonyesho matatu au manne yaliyoachana kwa siku, chukua mhusika mkuu mmoja na mwigizaji wa akiba, yaani anayejifunza nafasi hiyo ili aingie mhusika mkuu akishindwa. Kama una maonyesho mawili kwa siku moja, au wiki nzima mfululizo, chukua wawili wa kupokezana.

Tahadhari: mwigizaji wa akiba ambaye hajawahi kufanya mazoezi jukwaani, na waigizaji wenzake, na mwanga, na maiki, hakusaidii kitu. Mtengee siku zake kwenye ratiba, tena mwambie mlezi wake tarehe hizo. Na wanaopokezana kila mmoja apate viatu vyake. Maleba unaweza kuyapunguza au kuyaongeza. Kiatu kisichomtosha mtoto kitaharibu dansi yote.

3. Andika tangazo linalochuja

Tangazo la "tunatafuta mtoto mwenye kipaji" litakuletea watu 300 na kazi ya wiki 2. Andika umri wa mhusika na umri unaoupokea, kwa mfano mhusika ni wa miaka 10, tunapokea watoto wa miaka 9 hadi 12. Andika urefu usiozidi kiasi fulani ukitaja kipimo chenyewe. Watu hulalamikia kipengele cha urefu, lakini kina sababu yake: mhusika huyu anapaswa kuonekana mdogo mbele ya watu wazima, na mtoto anarefuka kati ya usaili na onyesho la mwisho. Taja tarehe za mazoezi zote, si za maonyesho tu. Taja aina ya wimbo wa kuandaa na muda wake. Taja kama kuna malipo, nauli au hakuna chochote.

Kwa nafasi ya mvulana, kumbuka sauti. Kwa wengi hubadilika kati ya miaka 11 na 14, na hakuna anayeweza kukuahidi siku. Ukimchukua wa miaka 13 mwenye sauti ya juu safi kwa onyesho la miezi 8 ijayo, unacheza bahati nasibu, na yeye ndiye atakayeumia. Heri wa miaka 10 asiyekomaa sana, au wawili.

4. Mchujo wa kwanza: dakika 5 kwa kila mmoja

Mtoto aingie, asalimiwe kwa jina lake, aambiwe asimame wapi. Mpe nafasi ya kuongea kidogo kabla ya kuimba. Muulize amefikaje, au amekula nini asubuhi. Kipande hiki kifupi kitakuonyesha sauti yake ya kuongea, na sauti ya kuongea ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya onyesho.

Aimbe ubeti mmoja na kiitikio cha wimbo aliouchagua mwenyewe, akifuata kinanda. Usikubali muziki wa kurekodi wenye sauti ya mwimbaji ndani yake. Huwezi kujua nani anaimba. Baada ya hapo mpiga kinanda amchukue kwenye do re mi fa so, akipanda nusu sauti (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) kila mara, kisha akishuka. Mwalimu wa muziki aandike sauti inapoanza kubana, sio inapokatika. Akianza kunyanyua kidevu na mabega kuitafuta noti, mmefika mwisho wa eneo lake salama, hata kama noti imetoka.

Mwisho asome mistari sita au saba ya skripti, ambayo mmempa dakika 10 kabla. Usipime usomaji. Mtoto anayesoma polepole, au mwenye shida ya kusoma, asomewe mistari kwanza aishike kwa masikio.

Kwenye karatasi za alama andikeni mlichokiona, msiandike sifa. "Mzuri sana" haitakusaidia chochote utakapokuwa na karatasi 80 mezani saa 3 usiku. "Alisahau maneno, akaendelea kuhesabu kwa mguu mpaka akaurudia wimbo" itakurudishia mtoto huyo mbele ya macho.

Tahadhari: usirekodi video ya mtoto yeyote bila ruhusa ya maandishi ya mlezi, na waambie wajopo wote wasitumie simu zao binafsi.

5. Mpe maelekezo, kisha utazame kinachobadilika

Hatua hii ndiyo moyo wa usaili, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa kisingizio cha muda. Ukilazimika kupunguza kitu, punguza wimbo.

Mtoto akishasema mistari yake, mwambie: "Vizuri. Sasa sema tena, ila safari hii umetoka kulia na hutaki mama ajue." Nyamaza. Usimwonyeshe kwa mfano, usimtengenezee sura. Tazama.

Wapo watakaorudia vile vile kwa sauti kubwa zaidi. Wapo watakaojiliza, kwa sababu wamesikia neno "kulia" tu. Na yupo ambaye utaona anageuza uso kidogo kabla ya kuanza, anaharakisha sentensi ya kwanza ili aimalize, na anajishughulisha na kitufe cha shati. Huyo hukumwambia habari ya kitufe. Amesikia "hutaki mama ajue" na ameifanyia kazi. Weka alama kubwa kwenye karatasi yake, hata kama wimbo wake ulikuwa wa kawaida.

Mpe agizo la pili linalopingana na la kwanza. Sasa mama ndiye aliyelia, na wewe unataka acheke. Unachopima hapa ni kama anaweza kukiachia kile alichokifanya vizuri dakika moja iliyopita. Watoto waliofundishwa nyumbani usiku na mchana mara nyingi hukwama hapa: wana njia moja iliyokaririwa, ishara za mikono zikiwa zimepangwa neno kwa neno, na ukiwaondoa humo wanapotea. Usiwakate papo hapo. Waambie waweke mikono mifukoni na wakusimulie tu kilichotokea. Wengine hufunguka ajabu.

Fanya hivyo hivyo kwenye wimbo. Aimbe kiitikio kile kile kana kwamba anambembeleza mdogo wake alale. Mwenye uwezo atapunguza sauti bila kupoteza noti, na maneno yataanza kuwa na maana.

6. Dansi kwa kundi, halafu wimbo bila kupumzika

Mwalimu wa dansi afundishe hatua fupi, hesabu 8 mara 4, kwa watoto 8 hadi 10 pamoja. Kukosea si tatizo. Tazama anayekosea anafanya nini: anasimama na kumtazama mwalimu, anamtazama jirani, au anaendelea na kuidaka hesabu inayofuata? Wa tatu ndiye wako.

Wabadilishe mistari ili wa nyuma waje mbele. Halafu, wakiwa bado wanahema, mmoja mmoja aimbe ubeti wa polepole. Ule mlima uliouzungushia duara katika hatua ya 1 umeufikia sasa.

7. Waite tena wachache, na uwachanganye

Kwenye raundi ya pili bakisha wasiozidi 8 kwa nafasi hii. Sasa wapewe wimbo wa igizo lenyewe, siku tatu kabla.

Raundi hii si ya kumpima mtu peke yake. Weka mtoto na mtu mzima atakayekuwa mzazi wake jukwaani, kisha umbadilishe mtu mzima. Weka ndugu watatu pamoja uone kama watazamaji wataamini ni wa nyumba moja. Sizungumzii kufanana sura, nazungumzia wanavyosukumana, wanavyosubiriana, wanavyotazamana mmoja akiongea. Mhusika mkuu wa igizo la familia hutumia muda mwingi kuwasikiliza wengine, na watazamaji humtazama yeye wajue wahisi nini. Kwa hiyo mpe tukio ambalo hana hata mstari mmoja. Mwingine anaimba kumhusu, yeye amekaa. Anayetulia na kusikia kweli ni adimu kuliko anayefika noti ya juu.

Fanyeni raundi hii kwa siku mbili tofauti, moja iwe jioni baada ya shule. Wimbo uwe ule ule. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo picha ya wiki yako ya maonyesho. Tafuta yule ambaye siku yake mbaya bado inatazamika.

8. Zungumza na mzazi, kisha na mtoto

Mzazi au mlezi aione ratiba yote kwenye karatasi: mazoezi, mitihani inayoangukia hapo kati, nani atamleta, nani atamchukua saa 4 usiku, akiugua nani anapiga simu. Usilainishe chochote. Wanaokubali haraka bila kuuliza swali hata moja hunitia wasiwasi zaidi ya wanaouliza kumi.

Kisha zungumza na mtoto mlezi akiwa anaonekana lakini hasikii. Muulize kama anaitaka nafasi hii, na kitu gani atakikosa akiipata. Mtoto aliyewaza atakutajia mpira wa Jumamosi, au rafiki. Asiyejua kabisa kitu anachokiacha, au anayekujibu kwa maneno ya mtu mzima, mpe siku mbili akafikiri.

Tahadhari: usitoe ahadi hapa, hata ya kutikisa kichwa. "Anatupendeza sana" ikifika nyumbani imeshakuwa "amepata".

9. Kaeni mchague

Kaeni siku ile ile, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Mwenye ndugu, mwanafunzi anayemfundisha nyumbani au mtoto wa jirani wa karibu kati ya waliobaki atoke nje wakati huyo anajadiliwa. Anzeni na maswali ya kuondoa: nani hawezi tarehe hizi, nani sauti yake haifiki salama. Mwalimu wa muziki akisema wimbo utamuumiza mtoto koo, mjadala umekwisha. Hilo halipigiwi kura.

Waliobaki wapangeni pamoja na waigizaji wengine wote, maana nafasi hii huwezi kuijaza ukiwa umefumba macho kwa nyingine. Wakati mwingine mtoto wa pili kwa ubora ndiye anayelipa igizo uwiano. Msijumlishe alama na kumchukua mwenye jumla kubwa. Alama za wastani kila mahali hukupa mhusika mkuu wa wastani.

10. Toa majibu kwa mpangilio

Mpigie kwanza mlezi wa aliyechaguliwa, usubiri akubali. Kisha mwigizaji wa akiba, ukimweleza nafasi yake ni nini na mazoezi yake ni lini. Kisha wengine waliopata nafasi. Ndipo uwaandikie waliokosa, kila mmoja kwa jina lake, wote kabla orodha haijaonekana hadharani. Usibandike orodha ukutani watoto wajazane kuisoma; yule anayetafuta jina lake mara tatu mbele ya wenzake hatarudi tena.

Usimlinganishe na aliyechaguliwa. Kama mlezi anataka sababu, mweleze kitu kimoja alichokifanya vizuri na kimoja cha kufanyia kazi, kutoka kwenye karatasi zenu. Hapa ndipo zile "alihesabu kwa mguu" zinapolipa.

Mambo yakienda kombo

Hakuna aliyetosha. Kabla ya kutangaza upya, pitia tena karatasi za waliokuja kwa nafasi nyingine. Annie, igizo la muziki kuhusu msichana wa kituo cha yatima, ilipokuwa ikijaribiwa Connecticut, Marekani, mwaka 1976, msichana wa kwanza kupewa nafasi ya Annie aliondolewa kwa sababu alionekana mpole mno, na Andrea McArdle, aliyekuwa tayari kwenye igizo hilo kama mmoja wa yatima, akawekwa badala yake. Mwaka 1977 akaipeleka nafasi hiyo Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York. Mtu unayemtafuta anaweza kuwa ameshaandikwa kwenye orodha yako, mstari wa chini.

Wawili wamefungana kabisa. Wape kupokezana kama ratiba na maleba vinaruhusu, mkitangaza tarehe za kila mmoja mapema ili familia zao zinunue tiketi sahihi. Kama haiwezekani, chukua yule aliyebadilika zaidi kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Bado ana pa kwenda.

Aling'ara raundi ya kwanza, raundi ya pili ameganda. Mtoe nje, apate maji, arudi baada ya wawili wengine. Asiimbe, ayaseme maneno ya wimbo kama hadithi. Akiganda tena, mwite siku nyingine mara moja tu. Ikitokea mara ya tatu, msimbebeshe nafasi hii mwaka huu. Mpeni nafasi ndogo yenye mstari mmoja au miwili apate kulizoea jukwaa.

Sauti yake imeanza kubadilika katikati ya mazoezi. Dalili ya kwanza ni kukwaruza kwenye noti za kati, wakati za juu bado zinatoka. Mwambie mlezi na mtoto siku hiyo hiyo, kwa utulivu, kwamba ni jambo la kawaida. Omba idhini ya kushusha ufunguo wa nyimbo ngumu, na anza kumpa mwigizaji wa akiba nusu ya mazoezi. Usimruhusu alazimishe noti za juu kwa kupiga kelele. Aendelee kushiriki igizo kwa nafasi nyingine kama anataka.

Mzazi amekuja juu, anasema mlipendelea. Msikilize faraghani, wawili wa jopo mkiwepo. Mwonyeshe vigezo na karatasi za mwanawe tu, kamwe si za mtoto mwingine. Msibadilishe uamuzi kwa sababu ya kelele, maana siku inayofuata watakuja wengine kumi. Lakini kama amegundua kosa halisi, kwa mfano mtoto wake hakupewa skripti kama wenzake, mwiteni upya mumsikilize.

Amechaguliwa, lakini anakosa mazoezi. Kosa la kwanza, piga simu nyumbani ujue kuna nini. La pili, kaa na mlezi mkiwa na ile ratiba aliyoiona katika hatua ya 8. Kama hali haibadiliki, mabadiliko yafanyike kabla ya bendi kuingia na kabla ya mabango kuchapishwa na picha yake. Zungumza na mtoto mwenyewe ana kwa ana, usimwachie mlezi ampe habari. Waeleze pia waigizaji wengine kwa sentensi mbili, siku hiyo hiyo, kabla hadithi nyingine haijaanza kuzunguka kwenye simu za wazazi.

Fomu na video za usaili zimebaki ofisini. Zina namba za simu, tarehe za kuzaliwa na habari za afya za watoto ambao hukuwachukua. Bakiza karatasi za alama kwa kabati lenye ufunguo mpaka maonyesho yaishe, kwa sababu unaweza kuhitaji mtu wa dharura. Baada ya onyesho la mwisho, chana fomu, futa video kwenye kila kifaa, na uhakikishe mtu wa kumbukumbu amefuta nakala zake pia.